Mbwa amekatwa mguu: namna ya kumhudumia nyumbani hapa Goma

Hapa Goma, mbwa wengi wanaofikia kukatwa mguu wamegongwa na moto, yaani pikipiki. Mbwa anavuka barabara, motari anakwepa shimo, na jioni mfupa umesagika, au mishipa ya fahamu ya bega imekatika na mguu unaburuzwa bila hisia. Wengine wana saratani ya mfupa. Upasuaji wenyewe ni kazi ya docta. Majuma yanayofuata ni yako, na mimi ninayewafuatilia wagonjwa hawa majumbani nakwambia mapema jambo ambalo wenye mbwa wengi hawalitarajii: kumfundisha kutembea si shida kubwa. Wengi husimama siku ileile au kesho yake. Shida ni kumzuia asikimbie wakati nyama za ndani bado hazijashikana.

Hatua ya 1: Kabla ya kutoka kliniki

Andika kwenye karatasi: dawa gani, kiasi gani, ya mwisho kapewa saa ngapi, nyuzi zinatolewa lini (kwa kawaida siku ya 10 hadi ya 14), na namba ya kupiga usiku. Uliza kama amekojoa tangu aamke. Uliza pia kama unaruhusiwa kuweka baridi kwenye uvimbe.

Usimpakie kwenye moto, hata kama ni mbwa mdogo na motari ni rafiki yako. Tafuta gari, mlaze juu ya blanketi, upande wa kidonda uwe juu. Unapomwinua, mkono mmoja upite chini ya kifua na mwingine nyuma ya mapaja. Mfunge mdomo kwa kitambaa laini ikiwa ananguruma, lakini si ikiwa anatapika au anahema kwa shida. Mbwa mwenye maumivu huuma hata mkono unaomlisha. Akikuuma, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha nenda kituo cha afya bila kuchelewa, kwa sababu kichaa cha mbwa hakingoji.

Hatua ya 2: Mahali pa kulala

Mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na usiku sakafu ya sima (saruji) inakuwa baridi sana. Mbwa aliyetoka kwenye usingizi wa dawa hawezi kujipasha joto vizuri. Mwekee mbao chini, juu yake godoro la sponji, halafu shuka unazoweza kufua kila siku. Chumba kidogo kinafaa kuliko sebule. Akipata nafasi ya kukimbilia mlango atakimbia. Mbwa wengine na watoto wakae mbali kwa siku za kwanza.

Alale ndani, asilale nje, na hilo lina sababu mbili. Ya kwanza ni nzi: kidonda kibichi kikiachwa wazi uani, unaweza kukuta funza ndani yake kabla hujajua. Ya pili inawahusu hasa wanaokaa upande wa Lac Vert, Bulengo na kwingine kunakojulikana kuwa na mazuku, hewa ya sumu inayotoka ardhini. Hewa ile ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inajikusanya kwenye mashimo na mabondeni, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo. Mbwa mzima anaweza kuinuka na kuondoka. Mgonjwa aliyelewa dawa, aliyefungwa kamba kwenye kona ya chini ya ua, hataondoka.

Hatua ya 3: Dawa, na zile za kukaa nazo mbali

Mpe dawa ya maumivu kwa saa, usisubiri alie. Mbwa huficha maumivu. Ukimwona anahema wakati amelala mahali pa baridi, anatetemeka, anakaa kitako usiku kucha akikataa kujinyoosha, au anageuza kichwa ghafla kila unapopita nyuma yake, basi anaumia. Usiku wa kwanza wengine hulia kama wamechanganyikiwa. Mara nyingi ni dawa za upasuaji zinazotoka mwilini. Mpigie docta umweleze, lakini usiongeze dozi mwenyewe.

Dawa za maumivu kama meloksikamu na karprofeni hutolewa pamoja na chakula. Akitapika, akiharisha au akipata choo cheusi kama lami, simamisha na upige simu.

Sasa sikiliza vizuri. Ibuprofeni, diklofenaki, indometasini, zile zinazouzwa kila farmasi bila hata kuulizwa, zinatoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake. Parasetamoli nayo ina hatari yake, na mtu wa farmasi hajui uzito wa mbwa wako wala dawa aliyokwisha kupewa. Usichanganye pia dawa za maumivu na deksametazoni au prednisoloni iliyobaki nyumbani. Mbwa aliyevumilia kisu asiuawe na kidonge cha faranka mia chache.

Baadaye, hata kidonda kikiwa kimepona, anaweza kushtuka, akapiga kelele na kutazama mahali mguu ulipokuwa. Mishipa iliyokatwa bado inatuma habari za maumivu kichwani. Hiyo ina dawa yake, mara nyingi gabapentini, kwa hiyo mweleze docta badala ya kusema mbwa amedeka.

Hatua ya 4: Kidonda

Kila asubuhi, mahali penye mwanga uleule, piga picha ya mshono kwa simu. Ukiwa na picha za mfululizo utaona mabadiliko ambayo macho hayakumbuki, na docta ataamua kwa haraka ukizituma kwa WhatsApp.

Utakachokiona siku za kwanza kitakutisha. Ngozi iliyonyolewa inakuwa ya zambarau, halafu kijani. Uvimbe unateremka: kwa mguu wa mbele unajikusanya chini ya kifua, kwa mguu wa nyuma unashuka kuelekea tumbo. Uguse kwa kidole. Ukiwa laini, unaotikisika kama maji, hauna moto na mbwa anakula, mara nyingi ni majimaji tu yatakayonyonywa na mwili. Matone machache ya rangi ya waridi si neno. Usiutoboe kwa sindano. Ndiyo njia ya kuingizia vijidudu mahali palipokuwa safi. Kama docta ameruhusu, chukua chupa ya maji kutoka kwenye frigo, izungushie kitambaa, iweke hapo dakika 10 mara tatu kwa siku, kwa siku mbili tatu za mwanzo.

Mshono ukae mkavu. Damu iliyokauka pembeni ifute kwa maji ya chumvi: chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kidogo kimoja cha chumvi, acha yapoe. Basi. Hakuna spiriti, hakuna majivu, hakuna oili ya gari, na hakuna ule unga wa kapsula ambao watu wetu hupenda kumwaga juu ya kila jeraha. Unga huo unaganda, unafunika uchafu, na kesho mimi nashindwa kuona kilicho chini yake.

Adui mkubwa wa nyuzi ni ulimi. Kola ya plastiki ya kliniki ndiyo bora. Ikikosekana, kata kitako cha ndoo ndogo laini, funika ukingo kwa kitambaa, itoboe matundu manne na uifunge kwenye mkanda wa shingo. Ukingo upite pua kidogo. Kwa mguu wa mbele, fulana ya mtoto inasaidia pamoja na kola, haichukui nafasi yake. Atakutazama kwa huzuni na atagonga kila mlango. Mwache nayo, hata usiku, hasa usiku.

Hatua ya 5: Kumtoa nje kujisaidia

Hii ndiyo kazi itakayokuchosha mgongo, kwa hiyo ifanye vizuri. Chukua kitenge, kikunje kwa urefu mpaka kibaki upana wa kiganja na nusu.

Kama amekatwa mguu wa nyuma, pitisha kitenge chini ya tumbo, karibu na kinena, ushike ncha zote mbili juu ya mgongo. Kwa dume, kirudishe nyuma kidogo kisifunike uume, la sivyo atakojolea kitambaa au atakataa kukojoa kabisa. Inua kiasi cha kumpunguzia uzito tu. Ukimning'iniza hatajifunza kuweka mguu uliobaki katikati ya mwili, na hapo ndipo siri ya mizani yake ilipo.

Kama ni wa mbele, kazi ni ngumu zaidi, kwa maana miguu ya mbele hubeba kama asilimia 60 ya uzito wa mbwa. Kitenge kipite chini ya kifua, nyuma ya mguu uliobaki, pasipogusa mshono. Usimvute kwa kamba ya shingoni. Akipoteza mizani ataangukia kidevu. Mkanda wa kifuani ni bora, kidonda kikiruhusu.

Mkojo lazima utoke ndani ya siku moja. Choo kikubwa kinaweza kuchelewa siku tatu, nne, hata tano, kwa kuwa hakula na dawa zimepunguza mwendo wa utumbo. Wala usicheke dume aliyebaki na mguu mmoja wa nyuma akijaribu kuunyanyua huohuo ili akojolee mti. Ataanguka, ataona haya, kisha atajifunza kuinama kama jike.

Majirani watakuja kutazama. Atakuwepo wa kusema mnamtesa, mngemmaliza tu. Mjibu upendavyo. Mbwa hajui kwamba anahurumiwa. Anachotaka ni kurudi getini kubweka.

Hatua ya 6: Chakula

Jioni ya kwanza mpe kidogo. Wali laini na sambaza (samaki wadogo wa ziwani) waliochemshwa bila chumvi, pilipili wala kitunguu huwavutia hata walionuna. Yai la kuchemsha linafaa. Bugari (ugali) peke yake haijengi nyama. Asipokula kabisa kwa siku mbili, piga simu.

Hatua ya 7: Sakafu, mawe na miguu mitatu iliyobaki

Wenye nyumba za karo (vigae), mbwa wenu ataanguka. Simama mlangoni umwangalie anapokata kona: mguu uliobaki unateleza kuelekea nje, nyonga inapinda, anajikamata kwa kucha. Akianguka hivyo mara kwa mara anaogopa kutembea, au anaharibu goti ambalo hana mwenzake. Tandika njia kutoka anapolala mpaka kwenye maji na mlangoni, kwa mazulia ya zamani au magunia. Mkeka mtupu juu ya karo ni mtego. Ubandikie chini vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu usiteleze. Nyumba za mbao zina nafuu hapo, lakini angalieni misumari iliyochomoza.

Nje tuna mawe ya Nyiragongo, volkano yetu. Mbwa wa miguu minne akikanyaga jiwe lenye makali huchechemea siku tatu akitumia mingine. Wa mitatu hana akiba. Fagia njia moja uani, ondoa mawe makali, tandaza udongo au zulia kuukuu. Kila jioni mpanguse nyayo, fungua vidole kimoja kimoja, tafuta vipande vya mawe na mipasuko. Nywele ndefu kati ya vidole zikate, kwa kuwa zinatelezesha.

Wakati wa kupiga simu bila kungoja asubuhi

Inua mdomo wake uone ufizi. Ukiwa mweupe badala ya waridi, anaweza kuwa anavuja damu ndani. Piga pia kama damu inadondoka mfululizo, mshono umefunguka, kuna usaha au harufu mbaya, anatapika mara kwa mara, anahema kwa shida, au kipimajoto cha njia ya haja kubwa kinaonyesha zaidi ya 39.5. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya 38 na 39.2, kwa hiyo usitumie kipimo cha mtoto wako kumhukumu.

Hatua ya 8: Baada ya nyuzi kutolewa

Mpaka siku hiyo ni kutoka, kujisaidia, kurudi. Baada yake anza na matembezi ya dakika 5, mara tatu kwa siku, kwa kamba, polepole. Polepole ndiyo mazoezi; akikimbia anatumia kasi kuficha udhaifu. Ongeza dakika chache kila juma iwapo kesho yake haamki amekakamaa. Nyumbani msimamishe juu ya godoro la sponji kwa nusu dakika, umsukume kidogo begani huku na huku ili misuli ijifunze kushikilia. Ngazi na kuruka kutoka barazani vingoje.

Ziwani asiingie mpaka ngozi ifunge kabisa na docta aseme ndiyo. Mwanzoni mshikilie kwa mkanda wa kifuani mahali maji yanapomfika tumboni, kwani mbwa wa miguu mitatu huzunguka upande mmoja anapoogelea.

Barabarani asiende bila kamba tena, maisha yake yote. Hawezi kusimama ghafla wala kuruka pembeni kama zamani, na wamotari hawajabadilika.

Kama alikatwa kwa sababu ya saratani ya mfupa, mguu umeondoka na maumivu yake, lakini ugonjwa huo una tabia ya kwenda kwenye mapafu. Panga na docta picha ya kifua, na usiipuuze kwa sababu tu anaonekana mzima.

Mwisho ni uzito. Weka vidole ubavuni: mbavu uzisikie bila kubonyeza kwa nguvu. Usipozisikia, punguza bugari leo, hata kama bibi nyumbani analalamika kwamba mgonjwa ananyimwa. Na ukisikia kucha zinagonga sakafu anapotembea, zimekuwa ndefu. Zikate kidogo kidogo, usifikie sehemu yenye damu.