Misaada ya mafuriko: kila hitaji mstari wake

Hili nimelishika tangu mafuriko ya Mathare, Nairobi, Aprili 2024. Grupu la WhatsApp ni la kuhamasisha, si la kugawa misaada. Ujumbe wa "blanketi 40 zinahitajika" ukishafunikwa na pole na dua, watu watatu wanabeba blanketi zilezile, maji hakuna aliyepeleka. Fungua jedwali la Google Sheets, linki uibandike juu ya grupu: mahali, kitu, idadi, nani amechukua, saa ngapi. Anayekwenda aandike jina kabla hajawasha gari, wenzake wanaona papo hapo. Mtandao ukikatika jedwali halisaidii, kwa hiyo mmoja awe na nakala ya karatasi na apokee simu. Tafadhali, majina na namba za waathirika zisiingie humo, linki husambaa.