Kabla kijana hajarudi kwenye shule iliyoshambuliwa kwa risasi

Wazazi wenzangu mlioko Marekani, tarehe ya kufungua shule ikitangazwa msianze na begi. Huenda hata lisihitajike. Kule Parkland, Florida, walikouawa watu 17 tarehe 14 Februari 2018, wanafunzi walirudi wiki mbili baadaye kwa nusu siku tu, wakaambiwa mabegi si lazima. Uliza shule yako imepangaje.

Nenda naye kabla ya siku yenyewe. Atembee hadi darasani, alione dawati la mwenzake likiwa tupu mkiwa wawili.

Asubuhi ale. Simu iwe na chaji, na namba yako iwe kwenye karatasi mfukoni. Akikataa kupanda basi la shule, mpeleke mwenyewe.

Sasa king'ora cha moto. Hapa ndipo yaliponikuta. Binti yangu alirudi vizuri, wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, nikaanza kulala. Alhamisi moja shule ikafanya zoezi la moto. Taarifa ilikuja kwa barua pepe ya Kiingereza, ndefu, sikuifikisha mwisho. Siku ya shambulio king'ora hicho hicho ndicho kilichokuwa kikilia risasi zikiendelea. Wenzake walijipanga kwenda uwanjani. Yeye alichomoka hadi barabarani, akakatiza katikati ya magari. Nilimkuta nyuma ya duka la matairi, mguu mmoja una raba, mwingine soksi imechanika kisiginoni, anahesabu moja hadi kumi kwa Kiswahili, akimaliza anaanza tena, kama bibi yake alivyomfundisha. Miezi minne alisomea nyumbani.

Kwa hiyo dai kwa maandishi, kabla hajakanyaga pale: kila zoezi ajulishwe mapema, na king'ora kikilia awe tayari yuko nje ya jengo. Njia rasmi ipo, inaitwa mpango wa 504, yaani mpango wa kumsaidia mwanafunzi shuleni chini ya kifungu cha 504 cha sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1973. Itaje namba hiyo, watakuelewa. Columbine, shule ya Colorado iliyoshambuliwa Aprili 1999, ilipofunguliwa tena Agosti mwaka huo, mlio wa king'ora ulikuwa umebadilishwa. Omba na hilo, usione haya.

Kwenye kikao na shule dai mkalimani wa Kiswahili. Shule inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika kuwasiliana nawe kwa lugha unayoielewa. Usimtumie mtoto mwenyewe. Mimi nilimtumia. Nilieleza kwamba halali, kwamba anaoga mlango wazi, naye akamwambia mshauri: mama anasema naendelea vizuri.

Usimwambie "Mungu kakuokoa, sahau." Salini naye, halafu mwache aseme, au anyamaze.

Wala usihesabu wiki ukaona yamekwisha. Machi 2019, zaidi ya mwaka baada ya Parkland, vijana wawili walionusurika walijitoa uhai. Akianza kugawa vitu vyake au kusema hana faida, muulize waziwazi kama anawaza kufa, na usimwache peke yake. Namba ya msaada kwa anayewaza kujiua ni 988, kwa simu au ujumbe, mchana na usiku. Akiwa hatarini palepale, 911.

Angalia na mapulizo kwenye sherehe za watoto, yanapopasuka. Milango inayobamizwa. Fataki za tarehe 4 Julai, ambazo majirani huanza kuzirusha siku kadhaa kabla. Mwambie mapema, funga madirisha, na usiku huo kaa naye chumba kimoja.