Kutengeneza Spektroskopu ya Boksi na Kupima Mistari ya Mwanga

Taa mbili zinaweza kutoa mwanga mweupe unaofanana kabisa machoni, ilhali rangi zinazounda mwanga huo ni tofauti. Spektroskopu huzitenganisha rangi hizo, na ukiijenga kwa uangalifu utaweza pia kupima urefu wa mawimbi yake.

Hatua ya kwanza ni mwanya wa kuingizia mwanga. Nasisitiza uanze nao kwa sababu kila mstari utakaouona baadaye ni picha ya mwanya huo katika rangi moja, hivyo mwanya ukiwa mpana, mistari iliyo jirani hupandana na kupotea. Chukua boksi gumu lenye urefu wa sentimita 30 hivi na upana wa 20, lipake rangi nyeusi ndani, kisha toboa tundu katikati ya upande mmoja mfupi. Gundisha nyembe mbili juu ya tundu, makali yakitazamana, huku ukibana karatasi mbili za kawaida kati yake. Gundi ikikauka, zitoe karatasi, nawe utabaki na mwanya wa takriban milimita 0.2 wenye kingo sambamba.

Hatua ya pili ni kitawanya rangi. Tenganisha kwa kisu tabaka mbili za DVD tupu ya kurekodia, uchukue lile angavu lenye rangi ya zambarau, na uisafishe rangi hiyo kwa spiriti. Mifereo yake imepishana kwa mikromita 0.74, yaani takriban mifereo 1,350 kwa kila milimita, wakati ile ya CD imepishana kwa mikromita 1.6, ndiyo maana DVD hutawanya rangi zaidi. Kata kipande karibu na ukingo wa diski, ambako mifereo imepinda kidogo tu.

Bandika kipande hicho juu ya tundu la upande wa pili, mifereo ikiwa sambamba na mwanya, na uzibe kila penye kuvujisha mwanga. Elekeza mwanya kwenye taa, kisha chungulia kwa kuligeuza jicho pembeni takriban nyuzi 50. Taa ya LED nyeupe huonyesha ukanda mfululizo wenye buluu kali, wakati tyubu ya floresenti huonyesha mistari iliyoachana, kwa kuwa mvuke wa zebaki uliomo hutoa mawimbi maalumu tu.

Mistari hiyo ndiyo rula yako. Funga simu kwenye tundu isitikisike, piga picha ya tyubu, na utambue mstari wa kijani wa zebaki, nanomita 546 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), pamoja na ule mwekundu wa yuropiamu, elementi iliyomo kwenye unga unaopakwa ndani ya tyubu, takriban nanomita 611. Tuseme umbali kati yake ni pikseli 260: tofauti ya nanomita 65 ukiigawanya kwa 260, kila pikseli ni nanomita 0.25. Sasa, bila kuisogeza simu, piga picha ya mwali uliotiwa maji ya chumvi. Mstari wa njano ukiwa pikseli 166 kutoka kwenye kijani, hesabu inatoa 587.5, na sodiamu iliyomo kwenye chumvi hung'aa kwenye 589. Tofauti hiyo ndogo hutokea kwa sababu DVD haitawanyi rangi kwa nafasi sawa, kwa hiyo kila mara pima kwa kutumia mistari miwili iliyo pande zote mbili za ule unaoutafuta.

Kwa Jua, usielekeze kifaa kwenye Jua lenyewe kamwe. Tumia wingu jeupe au karatasi nyeupe iliyo juani. Ndani ya ukanda wa rangi utaona mistari myembamba ya giza, ile ambayo mwanafizikia Joseph von Fraunhofer aliichunguza mwaka 1814, na ambayo wanasayansi Kirchhoff na Bunsen walikuja kuihusisha na elementi. Anza kutafuta ule wa nanomita 486 wa hidrojeni na wa 589 wa sodiamu. Isipoonekana, usibadilishe diski. Punguza kwanza upana wa mwanya.