Jinsi ya kuanza biashara ya kurepea na kurudisha rangi makochi ya ngozi hapa Mombasa

Kama uko Mombasa na watafuta kazi ya mkono isiyotaka mtaji mkubwa, hebu iangalie hii ya makochi ya ngozi. Manake mji wetu huu unaila ngozi kweli kweli, jua la dirishani linapausha, unyevu unaleta ukungu, jasho na mafuta ya nywele yanamaliza pale kichwa kinapoegemea, na wenye seti za ngozi wako kibao, Nyali, Kizingo, Tudor, mahoteli ya Diani, maofisi ya mjini, bila kuhesabu viti vya magari yanayoshuka bandarini yakiwa yashatumika huko Japani. Wengi hawajui kama kochi laweza kurudi likawa zuri, kwa hivyo wanaliuza bei ya kutupa ama wanaita fundi avue ngozi nzuri kabisa avalishe reksini, yaani ngozi ya bandia. Hiyo inaniuma sana.

Sasa kabla hujanunua hata kopo moja la rangi, jifunze kuijua ngozi, na nasema hivi kwa uzito kwa sababu kazi nyingi zinaharibika hapa, hata brashi haijashikwa. Kuna ngozi halisi, kuna ile ya kuunganishwa ambayo kiwandani wanasaga mabaki ya ngozi, wanagandisha na gundi halafu juu wanaweka poliyurethani, aina ya plastiki, na kuna reksini tupu. Hizo mbili za mwisho zikishaanza kubanduka magamba, usiguse. Poliyurethani inavunjwa na unyevu polepole, na sisi hapa pwani unyevu hauishi, kwa hivyo hata upake vizuri namna gani, baada ya muda gamba la pembeni litanyanyuka na rangi yako juu yake na mwenye kochi atasema fundi ndiye mbaya. Mwambie ukweli tangu mwanzo kwamba hiyo ni ya kuvalisha upya. Utakosa pesa ya siku hiyo lakini jina lako litabaki safi, na hii biashara inatembea kwa jina.

Kuitambua si kazi. Fungua zipu ya mto au funua kile kitambaa cheusi cha chini ya kochi uangalie mgongo wa ngozi: ya kweli ina nyuzinyuzi laini zisizo na mpangilio, ukiona kitambaa kilichofumwa ujue si yenyewe. Halafu dondosha tone la maji mahali pasipoonekana. Likikaa juu, ngozi ilipakwa rangi kiwandani, na hiyo ndiyo ya kuanzia. Likizama na kuacha weusi, hiyo ni anilini, ngozi isiyofunikwa, iache kwanza mpaka mkono ukomae kwa sababu inanyonya kila unachoweka na hakuna kurudi nyuma.

Mteja mara nyingi anaanza WhatsApp, "Asalam aleikum fundi, kochi langu lachanika, utanifanyia bei gani?" na picha moja imepigwa usiku taa ya jikoni. Usitaje bei. Mjibu, "Waleikum salaam mama, nitumie picha za mchana, na moja ya mgongo wa ngozi ndani ya zipu." Ukitaja bei kabla hujaona umejifunga.

Vifaa vya kuanzia: sabuni ya ngozi, brashi laini, spriti ya isopropili, msasa namba 600 na 1000, gundi inayonyumbuka ikikauka, fila ya ngozi ya kuzibia nyufa, rangi za ngozi za maji, fainali ya juu ya kukinga rangi, ya mati isiyong'aa na ya kung'aa kidogo, sponji, draya ya nywele. Kompresa ndogo na sprei yenye mdomo mdogo utanunua kazi ikishika, sponji peke yake yaweza kukupeleka mbali. Kiwi ya viatu usilete kwenye kochi, itahamia kwenye kanzu ya mgeni. Na rangi ya mafuta ya milango inakauka ngumu, mtu akikaa mara kadhaa inapasuka.

Ukishapata kochi, kazi kubwa ni kusafisha. Kama kuna ukungu, litoe barazani kwenye kivuli, vaa maski, ufute na maji na isopropili nusu kwa nusu, ndani ya mikunjo pia, usimwage. Halafu sabuni na brashi mpaka kitambaa cheupe kitoke hakina uchafu, kisha isopropili tena pale kwa kichwa na mikono kwa sababu mafuta yakibaki rangi haishiki, itachunika kama ngozi ya kitunguu. Piga msasa wa 600 kidogo tu, unalainisha mipasuko na kuondoa ung'aro, si kuchimba.

Kwa mpasuko mkubwa, kata kipande cha jinzi kilichochakaa, kipite mpasuko sentimita mbili kila upande, zungushia kona ziwe duara ili zisijikunje ndani. Kiingize chini ya ngozi kwa kijiti bapa, kitandaze vizuri, paka gundi kati ya jinzi na ngozi, kisha sogeza kingo mbili zikutane bila kupandana, weka ubao na kitu kizito juu. Ikishika, jaza ufa na fila nyembamba, kausha, msasa, jaza tena. Haraka ya kujaza mara moja inaleta bonde.

Rangi sasa. Anza na rangi iliyo nyingi, nyeupe au manjano ya udongo, halafu ongeza nyekundu na nyeusi kwa ncha ya kijiti, manake nyeusi ikizidi huiondoi. Paka tone kwenye kochi lenyewe, likaushe na draya, ndipo uangalie kwenye mwanga wa dirishani, kwani ikiwa mbichi inadanganya na taa ya ndani inadanganya zaidi. Ikilingana, koti la kwanza la sponji usugue liingie, yanayofuata mepesi mepesi, matatu mpaka matano, kila moja likauke. Kwa hewa yetu inachelewa kukauka, haswa mwezi wa tano mvua ikipamba moto, kwa hivyo asubuhi safisha na rangi ipake kuanzia saa tano hadi saa kumi, feni ikizunguka. Mwisho fainali, na ikiwa unatia kigumushi chake, changanya kiasi cha kutumia siku hiyo hiyo.

Bei hesabu kwa kiti, si kwa seti, na mpasuko uwe na bei yake pembeni. Weka vifaa, nauli ya tuktuk na kivuko cha Likoni kama kazi iko kusini, halafu siku zako. Chukua nusu kwa M-Pesa kabla hujaanza, piga picha za kabla na baada kona ile ile mwanga ule ule, hizo ndizo tangazo lako. Leseni ya kaunti usiipuuze, maofisi na mahoteli wataiulizia kabla hawajakupa kazi.

Ukimaliza, waambie wasilikalie siku mbili tatu, walisogeze mbali na dirisha la jua na wafute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, sabuni ya vyombo na jiki hapana. Baada ya mwezi pita uangalie pale mkono unapogusa sana, pakianza kufifia gusia bure. Dakika chache tu na rangi uliyobakisha kwenye kichupa chenye jina la mteja.