Unga Ukipumzika, Nami Napumzika

Nauza chai na chapati kando ya barabara ya Malaba kwenda Tororo, upande wa Uganda wa mpaka na Kenya, pale malori yanapongoja karatasi zao. Naamka saa kumi na moja alfajiri, nafunga saa tatu usiku. Mtu akiniambia "jitengee saa moja kila siku utunze nafsi yako", namcheka. Saa hiyo nitaitoa wapi? Haya ninayokueleza, ya kutuliza akili na kupata usingizi, ni ya mtu asiye na saa moja. Yote nimeyafunga kwenye kazi ambayo siwezi kuikwepa, maana tabia mpya ikiachwa peke yake husahaulika siku ya tatu, lakini kazi yenyewe hukukumbusha.

Nilianza haya mwaka 2020. Wakati ule wa korona madereva walikatazwa kushuka ovyo, foleni ya malori upande wa Kenya ikafika makumi ya kilomita, na walewale waliokuwa wakila kwangu wakawa wanapita vioo vimepandishwa. Deni la unga likapanda. Nikawa nalala saa tano, saa nane niko macho, nahesabu mabati ya paa.

Anza na unga. Chapati laini haitaki haraka: ukishakanda kwa maji ya vuguvugu, chumvi na mafuta kidogo, unauacha upumzike nusu saa ndipo usukume. Zamani nusu saa ile nilikatia vitunguu, nikafagia, nikawapigia simu wanaonidai na ninaowadai. Sasa dakika 5 za kwanza ni zangu. Nanawa, ingawa unga wa kwenye kucha hautoki wote, nakaa juu ya debe, mgongo kwenye nguzo, nyayo chini. Navuta hewa kwa pua nikihesabu hadi 4, naitoa kwa mdomo nikihesabu hadi 6, polepole, kama mtu anayepuliza chai iliyojaa hadi ukingoni. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta; hapo ndipo moyo unapopunguza mwendo. Mara 10 zinatosha. Mawazo yatakuja, hasa ya madeni. Usigombane nayo, rudi kwenye hesabu. Siku za mwanzo tanboi mmoja, msaidizi wa dereva wa lori, aliniuliza, "Mama, unaumwa?" Nikamwambia nangoja unga. Si uongo.

Huenda wewe hupiki chapati. Basi tafuta unga wako: maji yakichemka, bodaboda ikingoja abiria, kompyuta ya ofisini ikiwaka kwa kujivuta. Kila kazi ina mahali inapokuweka tu, utake usitake.

Usiku ni zamu ya daftari. Kila mwenye kibanda ana daftari la madeni. Mimi kurasa za nyuma nimezifanya za mawazo. Nikishazima sigiri, jiko langu la makaa, naandika kila kinachonikera, mstari mmoja kila kimoja, na ukurasa nimeugawa katikati. Kushoto yale ninayoweza kufanya kitu, kulia yasiyo mikononi mwangu. Ukurasa wa juzi, kushoto: makaa yamebaki nusu gunia, nimwone mwenye makaa asubuhi; mjukuu anakohoa siku ya tatu, kliniki kesho; dereva wa trela ya bluu, chapati 6 na chai 3, nimpigie Ijumaa. Kulia: bei ya ngano, mvua.

Ukiandika "pesa" peke yake umeandika wingu. Kila cha kushoto kipe kitendo na siku. Na kipo kitu kimoja sikukitegemea. Dada yangu alikuwa hasemi nami, na jina lake lilikaa kulia miezi miwili, kila usiku. Usiku mmoja nikatazama, nimeliandika kushoto bila kukusudia. Nikapiga simu palepale, saa nne usiku, akafikiri kuna msiba.

Sasa la chai, ingawa najiharibia biashara. Kama usingizi unakusumbua, chai nyeusi na kahawa mwisho saa kumi jioni. Saa tano sita baada ya kunywa, karibu nusu ya kafeini bado inaweza kuwa mwilini. Mimi nilikuwa namaliza kilichobaki kwenye chupa nikifunga, nisimwage mali yangu, halafu naenda kuhesabu mabati. Waragi nayo, pombe kali ya huku, usiite dawa ya usingizi: inakulaza upesi, inakuamsha usiku wa manane kinywa kikavu na hofu ikiwa palepale. Asubuhi, kabla ya kufungua simu, toka nje dakika 10 jua linapochomoza. Mwanga huo ndio unaoupangia mwili saa zake, na usiku utazikumbuka. Mimi huutumia kufuata maziwa kwa miguu.

Halafu watu. Sisi tunaoongea Kiswahili tunajificha nyuma ya salamu. Habari? Nzuri. Hata anayetoka kuzika, nzuri. Kwenye kikundi chetu cha akiba tulikubaliana kuulizana kabla ya kuhesabu pesa: "Wiki hii umelalaje?" Usingizi hauna aibu, kwa hiyo mtu husema kweli. Akisema vibaya tunamwacha amalize, hakuna kumshauri katikati, na hilo kwa wanawake 11 wa Malaba ni kazi kuliko kukanda. Masaka na Rakai, wilaya za Uganda, walishafanya kitu cha namna hiyo, kwa mpango kamili: watu wenye sonona, ugonjwa wa huzuni isiyoondoka, walikutana kwa vikundi saa moja na nusu kila wiki, wiki 16, wakiongozwa na watu wa kwao waliofunzwa, wasio madaktari. Matokeo yalichapishwa 2003, na waliokuwa kwenye vikundi walipata nafuu kubwa kuliko wasiokuwemo.

Ila pumzi na daftari vina mpaka wake. Huzuni ikikaa wiki mbili mfululizo, huli, hulali, huna hamu hata na ulichokipenda, nenda kituo cha afya. Ukiwaza kufa usingoje kesho. Mshike aliye karibu, mwambie akupeleke. Hospitali za rufaa za mikoa zina kitengo cha akili, kwetu ni Mbale. Najua huku jina Butabika limegeuzwa tusi. Ni hospitali ya akili kule Kampala, ipo tangu 1955, watu wanatibiwa na kurudi makwao. Mimi sikufika huko, lakini kituo cha afya nilikwenda mara nne mwaka ule, na barakoa ilinisaidia kupita bila kusalimiwa.

Ukiruka siku mbili tatu, endelea tu pale ulipofika, unga wa kesho utapumzika vilevile. Ila uufunike kwa kitambaa kibichi, la sivyo unashika ngozi juu na chapati inapasuka ukiisukuma.