Namna ya Kuoka Keki Ndogo za Ndizi Zenye Nyuzinyuzi Nyingi

Keki ndogo za matunda, ambazo wengi huziita mafini, hupata nyuzinyuzi zake hasa kutoka kwenye unga, kwa hiyo anayetumia unga mweupe uliokobolewa na kuongeza vipande vichache vya ndizi atapata keki tamu tu. Ngano hulimwa Monduli na Karatu, wilaya za mkoa wa Arusha. Mkazi wa Arusha akiipata nzima anaweza kuipeleka mashineni ikasagwa pamoja na pumba zake. Vinginevyo atta ya dukani, yaani unga wa ngano nzima, inatosha. Pumba zilizowekwa kwa ajili ya mifugo zisitumike.

Kwa keki 12, andaa vikombe 2 vya unga huo, ndizi kisukari 5 zilizoiva hadi maganda yakapata madoa meusi, robo tatu ya kikombe ya mtindi, mayai 2, robo kikombe ya mafuta ya alizeti, vijiko vikubwa 3 vya asali, konzi moja ya tende zilizokatwakatwa, chumvi kidogo na vijiko vidogo 2 vya bekingi pauda. Usizidishe bekingi pauda: Arusha iko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa ikiwa nyepesi keki huumuka upesi, kisha hubonyea katikati.

Ponda ndizi, uzichanganye na mtindi, mayai, mafuta, asali na kikombe kimoja na nusu cha unga, kisha funika bakuli kwa dakika 20. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, nayo ndiyo yenye kazi kubwa, kwa sababu pumba hunywa maji polepole. Zisipopewa muda zitayanywa ndani ya oveni na keki itatoka kavu, yenye chengachenga. Mchanganyiko ulioonekana mwepesi utakuwa mzito wenyewe, basi usiharakishe kuongeza unga. Ndipo utie tende, chumvi na unga uliobaki uliochanganywa na bekingi pauda, ukikoroga mara chache tu.

Oka kwa nyuzi 190 za Selsiasi kwa dakika 20 hadi 25. Wenye jiko la mkaa watumie sufuria nzito yenye mchanga mkavu, makaa mengi yakiwa juu ya mfuniko na machache chini. Njiti ikichomekwa katikati itoke bila unga mbichi.

Zikishapoa kabisa, zifunike. Hudumu siku 2 nje ya friji. Asiyezoea nyuzinyuzi aanze na moja kwa siku, na anywe maji ya kutosha.