Somo: Kutoka sifuri hadi kazi ya kwanza ya msaada wa kompyuta na mitandao

Wadau, salaam. Vijana wengi huniuliza wasome kozi gani ili wapate kazi ya IT, na wengi wanategemea nitaje jina la cheti. Vyeti nitavitaja, ila kwa mbele kidogo. Anayeanza kazi hii anaaminiwa kwa jambo moja, nalo ni kutafuta tatizo kwa mpangilio bila kubahatisha.

Mimi nililijua hilo kwa gharama. Mwezi wangu wa pili kazini, dada wa mapokezi alipiga simu asubuhi: "Mtandao hakuna." Nikaenda moja kwa moja kwenye ruta, nikashikilia kitufe cha nyuma mpaka ikajirudisha kwenye mipangilio ya kiwandani. Papo hapo nikawa nimefuta jina na nywila ya kuunganisha kwa mtoa huduma, ambazo hakuna aliyeziandika popote. Ofisi nzima ilikaa bila intaneti mpaka saa nane mchana. Kumbe kilichotokea ni kwamba mtu wa usafi, wakati anapiga deki, alikuwa ameivuta kebo ya kompyuta ya yule dada ikachomoka nusu. Za wengine wote zilikuwa nzima. Sikuwa nimeuliza swali la kwanza kabisa: ni wewe peke yako, au ni wote?

Hatua ya 1: Ijue kompyuta kwa mikono

Tafuta kompyuta ya mezani iliyotupwa stoo, hata kama haiwaki. Ifungue, toa RAM, diski, feni na pawa saplai, kisha virudishe. Sakinisha Windows, ifute, sakinisha Ubuntu, ifute. Rudia mpaka usihitaji kumuuliza mtu. Hapa sina mengi, maana mikono ndiyo inayofundisha.

Hatua ya 2: Waya

Hapa ndipo wengi wanaparuka kwa sababu wanaona ni kazi ya fundi umeme. Msiparuke. Nunueni koleo la kubania, vichwa vya RJ45, testa ya bei ya chini na mita chache za kebo ya Cat5e. Mpangilio unaotumika sana ni T568B. Shika kichwa huku kilimi kikiwa upande wa chini na matundu ya waya yakikuelekea, halafu hesabu kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Uimbe kama mtoto anavyoimba jedwali la kuzidisha.

Nyaya zile zimesokotwa mbilimbili ili jozi moja isiingilie nyingine. Ukizisokotoa, usizidishe milimita 13 kabla ya kichwa. Na kebo moja isivuke mita 100 kutoka swichi (kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisi) hadi kompyuta.

Sasa lipo jambo litakalokutofautisha na wengine. Mtu anakwambia kompyuta yake iko polepole kuliko ya jirani, na zote zinafanana. Angalia kasi ya kiungo. Ikisoma Mbps 100 badala ya Gbps 1, shuku waya. Mtandao wa Mbps 100 unatumia pini ya 1, 2, 3 na 6 tu. Wa Gbps 1 unataka zote nane. Jozi ya bluu au ya kahawia ikikatika, mara nyingi mtandao hauzimi, unashuka tu kimyakimya. Nimeona watu wakibadilisha kompyuta nzima kwa sababu ya kichwa kilichobanwa vibaya.

Hatua ya 3: Anwani, na ngazi tano za ping

Fungua dirisha la amri, andika ipconfig /all, usome kila mstari. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, maana yake kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa na DHCP (huduma inayogawa anwani, kwa kawaida iko ndani ya ruta), ikajipa yenyewe. Ukiona inayoanza na 10, au 192.168, au iliyo kati ya 172.16 na 172.31, hiyo ni anwani ya ndani. Makundi hayo matatu yalitengwa rasmi kwa mitandao ya ndani, na ndiyo maana ofisi yako na duka la jirani mnaweza kuwa na 192.168.1.10 wote wawili bila kugongana.

Kisha panda ngazi kwa amri ya ping, inayotuma ujumbe mfupi kuona kama upande wa pili unajibu. Ping 127.0.0.1, hiyo ni programu ya mtandao ndani ya kompyuta yako. Ping anwani yako mwenyewe. Ping ruta. Ping 8.8.8.8, anwani ya Google, hapo umetoka nje. Mwisho ping jina la tovuti yoyote unayoijua. Ngazi inapokatika ndipo uanze kutafuta. Ikiwa 8.8.8.8 inajibu lakini jina halijibu, mtandao upo, DNS (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba) ndiyo mbovu, na kuzima ruta hakutakusaidia. Ila kumbuka kuna vifaa vilivyopangwa visijibu ping, kwa hiyo usihukumu kwa jaribio moja.

Mnaikumbuka Mei 12, 2024, kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia? Siku zile watu walizima na kuwasha ruta mpaka vitufe vikalegea. Aliyepanda ngazi aliona ruta inajibu, swichi nzima, njia inakufa nje ya jengo. Akaandika hivyo, akampelekea bosi wake, akaendelea na kazi nyingine.

Hatua ya 4: Maabara isiyo na gharama

Packet Tracer, programu ya kuigiza mtandao ya Cisco, kampuni ya vifaa vya mtandao, unaipata bure ukijiandikisha kwenye Networking Academy yao, mpango ulioanza mwaka 1997. Humo unajenga ofisi nzima ya kwenye skrini. VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta ya bandia ndani ya kompyuta yako, nayo ni bure. Ndani yake weka Windows Server ya majaribio ya siku 180, uunde watumiaji kumi, uwape makundi, umfungie mmoja akaunti kisha umfungulie. Kumfungulia mtu akaunti na kumbadilishia nywila ni kazi utakayoifanya karibu kila siku, hivyo ifanye mpaka ikuchoshe.

MikroTik, kampuni nyingine ya ruta, wana toleo la RouterOS (mfumo unaoendesha ruta zao) la kuendesha ndani ya kompyuta, linaitwa CHR. La bure limewekewa kikomo cha Mbps 1 kwa kila poti, na kwa kujifunza linatosha kabisa.

Hatua ya 5: Daftari

Kila tatizo ulilotatua, hata la jirani, liandike: tarehe, mteja alisema nini kwa maneno yake, uliona nini, ulijaribu nini kwa mpangilio, kipi kilitibu. Nywila za watu usiandike humo. Ukifika kwenye usaili na kuulizwa umewahi kufanya nini, una kurasa hamsini za kuonyesha. Mimi nimekaa upande wa kuajiri, na kijana mwenye daftari namsikiliza kwa utulivu kuliko mwenye vyeti vitatu asiyeweza kunieleza alichokifanya jana.

Hatua ya 6: Vyeti

A+ ya CompTIA, shirika linalotoa vyeti vya IT, ina mitihani miwili, na tangu 2025 ni 220-1201 na 220-1202. Kila mmoja una dakika 90 na maswali yasiyozidi 90. Inafaa kwa anayelenga dawati la msaada. Network+ kwa sasa ni N10-009. CCNA ya Cisco ni mtihani mmoja, 200-301, dakika 120, na ada yake ni dola 300 kabla ya kodi. Vyote hivyo vinaisha muda baada ya miaka mitatu. Nisikilizeni kwa hili: usilipe ada ya mtihani kabla daftari lako halijajaa. Kwa anayetaka njia ya chuo, VETA na vyuo vilivyosajiliwa na NACTVET vina kozi za TEHAMA, na ngazi ya 4 hadi ya 6 inakufikisha kwenye diploma.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimemaliza kidato cha nne, hesabu nilipata F. Nitaweza kugawa mtandao?

Marahaba mwanangu. Utaweza. Hesabu inayotakiwa ni kukata nusu: 256, 128, 64, 32, 16, 8. Mtandao wa /24 (namba baada ya mkwaju inaonyesha ukubwa wa mtandao) una anwani 256. Ukiukata nusu unapata /25 mbili za anwani 128. Ukikata tena, /26 nne za anwani 64. Kila kipande toa mbili, ya kwanza ni anwani ya mtandao wenyewe na ya mwisho ni ya kutangazia wote, zinabaki 62 za kutumia. Darasa la kompyuta 40 na ruta yake linakaa vizuri kwenye /26. Fanya mifano mitano kila usiku kwa kalamu, usitumie kikokotoo.

Swali: Mkuu, niko Mbeya, sina kompyuta, nina simu tu. Nianzeje?

Tafuta steshenari yenye kompyuta na printa, mwombe mwenyewe umsaidie jioni bila malipo kwa miezi miwili. Karatasi inayokwama, wino unaogoma, flashi yenye virusi, mteja mwenye haraka: hiyo ndiyo kazi yenyewe. Nyumbani, fungua mipangilio ya waifai kwenye simu yako, usome anwani, ruta na DNS. Mambo ni yaleyale.

Swali: Nianze na CCNA au MTCNA ya MikroTik?

Angalia unataka kuajiriwa wapi. Watoa huduma wadogo wa intaneti, hoteli, hosteli na biashara za waifai ya vocha wanatumia sana MikroTik. Benki na taasisi kubwa, mara nyingi Cisco. Mtihani wa MTCNA ni mfupi, maswali 25 kwa saa moja, lakini unafanywa baada ya mafunzo kwa mkufunzi au chuo kinachotambuliwa nao.

Swali: Kuna jamaa anauza maswali ya mtihani yaliyovuja. Ninunue?

Usinunue. Wakikubaini wanafuta cheti chako na kukufungia. Na hata wasipokubaini, Jumatatu asubuhi utasimama mbele ya swichi isiyo na majibu ya A, B, C.

Swali: Mwalimu, niko field. Ofisini kompyuta nyingi zina 192.168.88, ila tatu tangu jana zinapata 192.168.1 na haziioni printa. Nimezizima na kuwasha, inarudi vilevile.

Umeuliza vizuri kwa sababu umeleta namba. Anwani zinazoanza na 192.168.88 ndizo MikroTik inazogawa ikitoka kiwandani, kwa hiyo hiyo ndiyo ruta yenu halali. Kuna DHCP ya pili humo ndani. Karibu hakika mtu amechomeka ruta ya nyumbani kwenye soketi ya ukutani ili apate waifai, na ameichomeka kwenye poti ya LAN, yaani ya mtandao wa ndani. Nenda kwenye moja ya hizo tatu, andika ipconfig /all, soma mstari wa DHCP Server. Ping anwani hiyo, kisha arp -a upate MAC yake, yaani namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe. Kama swichi yenu inasimamiwa, itafute MAC hiyo kwenye jedwali lake, itakuonyesha poti. Kama haisimamiwi, acha ping ya mfululizo ikiendelea kwa ping -t, uchomoe kebo moja moja baada ya saa za kazi mpaka ping ikatike. Ukiifikia, muulize kwanza aliyeiweka kwa nini aliihitaji, maana huenda waifai ya ofisi haifiki kwenye chumba chake. Kisha zirudishe hizo tatu kwa ipconfig /release na ipconfig /renew, uniambie hapa zimepata ngapi.